Kasma ya Nane

Ofisini Ruwi tunaandika Kiarabu,
lakini mimi hujumlisha kwa Kiswahili, kimyakimya,
kama mama alivyonifunza kwa kokwa za tende
jikoni kwetu, yeye na lafudhi yake ya Wete.
Sita, saba na tisa tunagawana na ofisi nzima.
Nane ni ya kwetu peke yetu.

Ndiyo maana, labda, jicho lilikwama hapo:
*Kasma ya nane. Usafiri wa wagonjwa,
Kituo cha Afya, Heili Sidri.*
Zilizoidhinishwa, riyali elfu sita na mia nne.
Zilizotumika, sifuri.
Sifuri safi, ya mviringo, mfano wa finjani
mgeni anapoitikisa kusema basi, nimetosheka.
Nani alitosheka?

Bwana Harith, mkuu wangu, anapenda wastani.
"Afya imepanda, elimu imepanda, kwa kila kichwa."
Cha nani, najiuliza, hicho kichwa?
Wastani humweka mwenye njaa na aliyevimbiwa
kwenye sinia moja,
kisha huandika: wote wawili wamekula nusu.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
mama alikuwa akisema.
Daftari ninalo, mama. Lina mihuri mitatu
na saini ya wino wa kijani.
Mali imepotea, na habari zake zote zimo.

Basi nikaenda. Jumatatu, gari la serikali,
nyuzi joto arubaini na sita, mbuzi wamejibana
kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji.

Muuguzi Shobha ametoka Kerala,
Kiarabu chake ni cha dawa na maumivu tu.
Alinifungulia rejesta bila kunitazama.
*Rayya bint Mselem. Figo. Kusafishwa damu Ibra,
mara tatu kwa wiki.*
Safu ya pembeni, aliyoichora mwenyewe kwa rula:
amesafiri na nini?
Lori la maji.
Jirani.
Lori la maji.
Lori la maji.
Hakuja.

Nilivuka wadi kwa miguu hadi shuleni.
Nilikuja kutafuta mwizi; nikakuta barua.
Mwalimu Ghaliya aliitoa kwenye faili, haikukunjwa hata ncha:
viyoyozi vimekufa mwezi wa Mei,
watoto wawili wamezimia kwenye mtihani wa hesabu,
tunaomba, kwa heshima, fungu lolote lisilotumika.
Nani aliamua kwamba halitumiki?
Dereva alikuwa amestaafu. Wa kumrithi hajaajiriwa.
Gari bila dereva, kwenye karatasi, ni akiba.

"Ungefanya nini wewe?" akaniuliza.
Nikanywa maji yake. Yalikuwa baridi.

Darasa la tatu, dawati la nyuma,
mtoto anaitwa Mundhir, mjukuu wa Rayya.
Kiyoyozi kinamdondoshea tone moja moja
pembeni mwa daftari, naye halihamishi,
analikinga kwa kiganja na kuendelea:
nane mara sita, nane mara saba.
Alikwama. Nikamsubiri.
Hewa ile aliyokuwa akiivuta
ni kiti cha bibi yake garini.
Hajui. Na sikuona sababu ya kumwambia.
"Hamsini na sita," akasema, akacheka,
pengo la meno mawili mbele.

Usiku huu najaza fomu.
Ina visanduku viwili: *uhamisho halali, si halali.*
Natia alama halali, kwa sababu ni halali.
Chini yake kuna mistari minne ya maoni
ambayo wengi wetu huiacha wazi.
Nimejaribu "upungufu wa uratibu." Nimefuta.
Nimejaribu "mapendekezo." Nimefuta.
Nimeandika: *Rayya bint Mselem, Jumatano, hakuja.*

Asubuhi Bwana Harith atavua miwani,
ataisoma mara mbili,
ataniuliza sentensi hii
iingie kasma gani.